Mstari wa Kwanza

“Tangulia wewe,” alisema Pimamaji, na mdogo wake akatangulia. Hicho ndicho kilichomuuma. Dogo alizipanda ngazi za kliniki mbilimbili kama mbuzi aliyeona majani, akafika juu, akageuka, akamsubiri kaka yake anayepanda kwa mguu mzima mbele na mguu mbovu nyuma, mkono ukiing'ang'ania reli.

“Nikushike, kaka?”

“Unishike nini? Mimi mzigo?”

Mafundi wenzake walimpa jina la Pimamaji kwa sababu sakafu aliyoilaza yeye, ukiimwagia maji, maji husimama yakiulizana yaelekee wapi. Alianza kulaza vigae Dogo akiwa hajaota ndevu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuchanganya gundi, kuishika nyundo ya mpira, kukata kona bila kukipasua kigae. Tumbo moja liliwazaa, sakafu moja ikawapigisha magoti. Kisha magoti yakawageuka wote wawili. La Dogo lilitangulia kuuma, na Dogo akaja hapa, akachomwa sindano, akapumzika msimu mzima, akarudi kazini anachuchumaa na kuinuka kama springi. La Pimamaji lilibaki vilevile: jioni linavimba, asubuhi linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Na aliyerudi na goti zima ndiye aliyechukua mstari wa kwanza.

Asiye fundi hajui uzito wa neno hilo. Mstari wa kwanza ndio mama wa mistari yote. Ukinyooka, ukumbi mzima umenyooka. Ukipinda, hakuna dua wala nyundo ya kuunyoosha. Anayeulaza ndiye mwenye sakafu, na wengine wote wanafuata nyayo zake kwa magoti. Miaka nenda miaka rudi mtu huyo alikuwa Pimamaji. Sasa alisimama kwenye mashine ya kukatia, akikata anachoagizwa. “Kaka, nikatie nusu.” “Kaka, nikatie kona.” Kaka, kaka, kaka: sauti ya asali, na kila kaka mwiba.

Hata nyumbani hakupata pa kupumulia. “Shemeji siku hizi anatembea kama kijana anayekwenda kuposa,” mkewe alikuwa amesema jana jioni, akimkanda goti kwa maji ya moto. Hakusema kwa ubaya. Lakini Pimamaji alilivuta goti lake kutoka mikononi mwa mkewe, kama mtu anayenyang'anya.

Kesho walikuwa wanaanza ukumbi, mkubwa kuliko sakafu zote walizowahi kulaza. Mbele ya mafundi wote Pimamaji alikwishajitapa: “Nakwenda kuotesha goti langu. Nikirudi, mtaona nani analaza mstari wa kwanza.” Wakacheka, naye akacheka nao, lakini yeye hakuwa anatania.

Mhudumu wa mapokezi alimkumbuka Dogo mara moja. “Fundi! Goti linasemaje?”

“Linakusalimia. Linauliza mbona hukuja kulitazama.”

Mhudumu alicheka hadi kalamu ikamponyoka. Dogo akachuchumaa, akaiokota, akainuka bila kushika kitu. Bila kushika kitu! Pimamaji aliugeuzia ukuta uso wake, akaanza kuvikagua vigae vya chini kimoja kimoja, akitafuta kilichopinda. Vyote vilikuwa sawa. Hilo nalo likamkera.

Jina lake lilipoitwa, Dogo akasimama naye.

“Peke yangu,” alisema Pimamaji.

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya taratibu. Hakuwa na sindano. Alikuwa na maswali. Maumivu yalianza lini, yanachoma au yanasaga? Goti liliwahi kuumia kwa kuanguka? Ana sukari, ana presha? Anakunywa dawa gani, na zile za maumivu anazinunua mwenyewe au anaandikiwa? Kazi yake humweka chini kwa muda gani? Pimamaji alijibu kwa mkato, macho yakiwinda kila trei mle chumbani.

“Na unategemea nini kutoka kwetu?”

“Goti kama la mdogo wangu.”

“La mdogo wako siwezi kulizungumzia hapa, hata kama yuko huko nje anawachekesha watu wangu. La kwako ungependa likusaidie kufanya nini?”

“Kile kinachofanywa na la kwake.”

Daktari hakuandika kitu. Alimwambia atembee hadi dirishani na kurudi, akae, ainuke bila kutumia mikono. Pimamaji aliinuka nusu, akatua. Akajaribu tena, meno yameshikana, jasho likimtoka kipajini, na mara ya pili pia kiti kikamrudisha. Daktari akainama, akalipapasa goti, akalikunja polepole huku kiganja kimetulia juu yake. Ndani mlisikika kitu kikisagika, kama mchanga chini ya kigae kilicholazwa kwa haraka. Pimamaji aliujua mlio ule. Alikuwa amewagombeza wengi kwa mlio ule.

Kisha daktari akaiweka mbele ya mwanga picha ya eksirei ambayo Pimamaji alikuja nayo.

“Hapa katikati ya mifupa panatakiwa pawe na nafasi. Kuna gegedu, laini, linaloizuia isisagane. Upande huu lipo kidogo. Upande wa pili limekwisha.”

“Si ndiyo maana nimekuja? Lioteshe.”

“Najua watu wanatuita kliniki ya kuotesha magoti. Baba, goti halioti kama ukucha. Tunachukua damu yako mwenyewe, tunaizungusha kwenye mashine, tunatenga ile sehemu inayosaidia mwili kujitibu, ndiyo tunayoichoma gotini. Wengine maumivu yanapungua. Wengine hawaoni tofauti. Na goti likishafika lilipofika la kwako, matumaini ni madogo. Sitaki uondoke hapa na makubwa.”

“Nichome leo, nijue moja.”

“Leo hatuchomi. Siku ya kwanza ni ya kujuana. Nataka upime damu, uonane na daktari wa upasuaji usikie na yeye anasemaje, uanze mazoezi. Halafu tukae tena, uamue.”

“Na nikiamua, na likakubali, nitapiga goti?”

“Utatembea vizuri zaidi. Huenda ukalala bila kuamshwa na maumivu. Kupiga goti kutwa nzima juu ya zege, hapana.”

“Hapana ya mwaka huu, au hapana ya siku zote?”

Daktari akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Pimamaji akaushusha mguu wa suruali yake taratibu, akalifunika goti kama mtu anayefunika maiti.

Nje Dogo aliruka kitini. “Vipi, kaka? Umechomwa?”

“Leo hawachomi.”

“Enhe! Hata mimi siku ya kwanza hawakunichoma. Nilisahau kukwambia.”

Alisahau. Pimamaji alilitafuna neno hilo ngazi zote za kushuka. Mwenye shibe, njaa ya mwenzake ataikumbukia wapi?

Walipofika barabarani Dogo alisema, “Kesho uwahi, kaka. Uje ushike kamba.”

Pimamaji akasimama. Kamba ya chaki, ile inayopakwa unga wa buluu, ikavutwa ncha kwa ncha na kupigwa sakafuni iache alama ya kufuatwa, hushikwa na wanaojifunza kazi. Ni kazi ya kidole gumba tu.

“Nishike kamba? Mimi? Nani alikufundisha kutofautisha mwiko na kijiko cha chai?”

“Wewe.”

“Nani alikuwa anakubandua gundi kwenye nywele?”

“Wewe, kaka. Na masikio ulinivuta.”

“Na bado hayajavutika ya kutosha!”

Dogo alicheka, kisha akaacha kucheka. “Ukumbi ule mrefu. Wale vijana wanaishika kamba kama wameshika mkia wa mbwa mkali. Ncha ya mlangoni nimpe nani?”

Walitembea hadi nyumbani, mmoja akipunguza hatua zake kwa heshima, mwingine akiichukia heshima hiyo.

Asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, zege limefagiliwa, mwanga umejaa madirishani. Karibu na mlango Dogo alikuwa amegeuza ndoo juu chini, na juu yake amekunja gunia likawa mto. Kiti cha mzee. Pimamaji alilitazama gunia lile, akatamani kulipiga teke, ila mguu wa kupigia ndio uleule mbovu. Akakaa.

Dogo akampa ncha ya kamba, akaondoka nayo akiiachia, akaenda, akaenda, hadi ukuta wa mbali. Huko akapiga magoti yote mawili kwa mpigo mmoja, kama mtu anayejitupa kitandani. Mafundi walijipanga pembeni na ndoo zao za gundi, wakisubiri. Hakuna aliyeuliza habari za goti lililokwenda kuoteshwa. Kunyamaza kwao kulikuwa kubaya kuliko kicheko.

Pimamaji akainama, akaibana ncha ya kamba kwa kidole gumba juu ya alama ya kalamu iliyochorwa sakafuni. Kamba ikakazwa. Akauhisi mvuto wa mkono wa mdogo wake, kutoka kule mbali, ukiishia kwenye nyama ya kidole chake.

Kidole kikasogea.

Kilisogea kidogo tu, upana wa ukucha. Kwa urefu wa ukumbi ule, ukucha ungetosha. Mstari wa kwanza ungeondoka upande, wa pili ungeufuata, na jioni vigae vya ukutani vingetaka kukatwa pembe, vyembamba huku na vinene kule, na watu wangesimama mlangoni wakitikisa vichwa: Dogo kapinda. Nani angekumbuka aliyeshika kamba? Ndani ya moyo wa Pimamaji mlikuwa na utamu, ndiyo, utamu, kama wa kukuna kidonda.

Alimfundisha hivi: kabla hujapiga kamba, kagua alama za ncha zote mbili kwa macho yako, hata kama anayeshika ni mama yako mzazi. Basi akasubiri. Dogo angeinuka sasa, kwa lile goti lake la springi, aje hadi mlangoni, ainame, akague.

Dogo hakuinuka. Alikuwa ameibana kamba kati ya vidole viwili, ameinua kiwiko, uso wake umeelekea mlangoni bila kuangalia chochote.

“Kaka,” aliita, na sauti ikarudi mara mbili kwenye kuta tupu. “Iko?”

Mafundi wakageuza vichwa. Goti lilikuwa linawaka. Kule mbele, juu ya magoti mawili mazima, mdogo wake alisubiri neno moja.

Pimamaji akatazama kidole chake, buluu hadi kwenye ukucha.

“Bado,” alisema, akainama tena kuitafuta alama.