Mguu wa Wifi, Mguu Wangu

Wifi yangu aliingia chumbani kwetu pale nyumba ya wageni bila kupiga hodi, boksi la viatu kifuani kama mtu aliyeleta mtoto mchanga aonwe na ukoo, akalitua juu ya mto wangu. Kiti kilikuwepo, meza ilikuwepo. Yeye aliona mto.

“Wifi, hapo ndipo ninapolaza kichwa,” nikamwambia.

“Najua. Nimeona leo pawekwe kitu chenye kazi.”

Hivyo ndivyo likizo yetu ilivyoanza. Asiyejua likizo ni nini, nimweleze: ni kugombana na watu wale wale, ila mahali ambapo huna jiko la kukimbilia.

Mume wangu, Mungu ampe miguu mingine, aliendesha lori maisha yake yote ya kazi. Mji huo tuliokwenda aliupita mara nyingi kuliko wenyewe walivyopita mlangoni kwao, lakini hakuwahi kuukanyaga. Malori yalikuwa hayaruhusiwi kusimama. Unapita kwenye barabara kuu ya pembeni, unaona mapaa, unaona nguo kwenye kamba, basi, umeshapita. Mwisho wa mji kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, la chuma, limekatiza juu ya barabara. Pale juu kila siku palikuwa na watu wanapunga mikono, naye anawajibu kwa honi. Alipostaafu alikuwa na hamu moja tu duniani: kuuvuka mji ule wote kwa miguu, kutoka upande huu hadi ule, apande lile daraja, asimame pale walipokuwa wakimpungia.

“Kuna teksi,” niliwahi kumwambia.

“Nimekalia kiti mpaka kiti kimenijua jina,” akasema. “Nataka kutembea.”

Shida ilikuwa nyayo zake. Miguu iliyokanyaga breki na klachi tu miaka nenda rudi inakuwa laini kama mashavu ya mtoto. Sisemi uongo: siku moja alikanyaga punje ya mchele jikoni, akalala na homa.

Sasa wifi, dada yake mkubwa, amestaafu kuuza viatu vya mitumba sokoni. Huyu mtu hakuangalii uso. Ukimwamkia anajibu huku anatazama visigino vyako, na ukimuuliza shemeji yake fulani anafananaje atakwambia anakanyagia upande. Alisikia tunakwenda kutembea, akajialika. Alisema hawezi kumwacha mdogo wake mikononi mwa mtu anayejua sabuni tu.

Huyo wa sabuni ni mimi. Nimekuwa dobi wa hoteli mpaka vidole vikasahau alama zake. Na soksi nazijua. Kuna mgeni aliwahi kuleta gunia la soksi za safari. Tulipolifungua, paka wa hoteli aliondoka na hakurudi mpaka mwenye soksi alipolipia chumba. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za miguu. Lengelenge haliletwi na kiatu. Linaletwa na soksi yenye jasho, au iliyobaki na sabuni ikakauka ikawa kama msasa, au yenye mshono unaokaa juu ya kidole. Wifi yeye anasema lengelenge ni kiatu na kiatu ni lengelenge, kwamba kikikubana au kikipwaya umekwisha, na soksi ni nguo ya ndani ya mguu, haina la kusema.

Tumebishana hivyo tangu nimeolewa. Harusini kwangu alikuja na neno moja tu la pongezi: “Viatu vyako vimekubana.” Na kweli vilikuwa vimenibana, ndiyo maana sijamsamehe.

Katikati yetu alikaa mume wangu na ugonjwa wake. Mume wangu anaugua “sawa”. Mwambie kaa, sawa. Mwambie simama, sawa. Waambie watu wawili wamwambie kaa na simama kwa pamoja, atasema sawa, halafu atachuchumaa.

Asubuhi ya kwanza niliamka mapema, nikamkalisha kitandani, nikamkata kucha zile za kuchoma, nikampaka mafuta ya mgando visiginoni na katikati ya vidole mpaka miguu ikateleza kama samaki. Mafuta yanazuia ngozi isisuguane. Juu yake nikamvalisha soksi nilizozifua mwenyewe, nikazisuuza mpaka maji yakawa ya kunywa.

“Usimwambie dada yako,” nikasema.

“Sawa.”

Nikaenda kuoga. Huku nyuma wifi akaingia, bila hodi, akamvua soksi zangu, akammwagia poda kopo zima. Poda inakausha jasho. Akamvalisha soksi zake nene, akatia soli ya ndani kwenye viatu vya ngozi alivyomletea, akakaza kamba.

“Usimwambie mkeo.”

“Sawa.”

Nikarudi. Nikaona soksi si zangu. Je, ningenyamaza? Nilisubiri wifi aende kuchukua kofia, nikamvalisha za kwangu juu ya za wifi, nikarudisha kiatu kwa kusukuma kwa goti.

Basi mtu alitoka pale na mafuta, na poda, na soksi mbili mbili, na soli ya ziada, ndani ya kiatu ambacho wifi mwenyewe alikipima kwa mguu mmoja mtupu. Mafuta na poda vikikutana kwenye joto vinakuwa lami. Hatukufika hata sokoni. Alikuwa anatembea kama kuku aliyefungwa miguu, uso umejaa jasho, na nikimuuliza vipi, anajibu sawa. Mpaka aliposhika nguzo ya taa na kuikumbatia.

Tulimvua palepale kando ya barabara. Kilichotoka humo siwezi kukieleza. Uji mzito, mweupe, na visigino vyote viwili vimeshatunga malengelenge.

“Nani katia mafuta?” wifi akauliza, kidole kimechovya.

“Nani katia poda?”

“Mimi nimetia poda kwenye miguu mikavu ya mdogo wangu!”

“Ilikuwa mikavu? Huna macho? Ulipopaka hukuona inateleza?”

“Niliona inang’aa, nikajua ni wewe humwogeshi!”

Watu walisimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mkoba alituomba tupunguze sauti, tukamgeukia wote wawili akaongeza mwendo. Huo ulikuwa wakati pekee tulioelewana na wifi siku hiyo nzima.

Tukamrudisha kwa teksi. Ndani ya gari aliegemeza kichwa kwenye kioo. Alitazama dirishani, mji ukimpita kwa kasi kama zamani.

Kesho yake alishinda kitandani, miguu juu ya mito yote miwili, ukiwemo mto wangu. Malengelenge hatukuyapasua wala kuyamenya. Hapo hata wifi na mimi tulikubaliana, ila kila mmoja alisema ndiye aliyesema kwanza. Jioni akakaa kitako.

“Keshokutwa asubuhi basi linatuondoa,” akasema. “Kwa hiyo ni kesho. Nikishindwa kesho, sitarudi tena huku. Najijua, na mfuko wangu naujua. Nakwenda kesho, hata kwa magoti.”

“Utakwenda,” wifi akasema. “Mradi huyu asikuguse.”

“Atakwenda,” nikasema, “mradi huyu apotee njia.”

“Unataka kumuua mdogo wangu urithi nini? Lile beseni la kufulia?”

“Nikikurithi wewe nitakugawa.”

Tuliendelea mpaka mwenye nyumba ya wageni akagonga ukuta. Sijui nani kati yetu alitoa wazo. Nina hakika ni wifi, maana lilikuwa baya. Kwamba tugawane. Mguu wa kulia uwe wake, wa kushoto uwe wangu. Kila mtu ahudumie wake anavyojua, asiguse wa mwenzake, na kesho tutaona mguu wa nani utafika na wa nani utalia.

Tukamtazama mwenye miguu.

“Sawa,” akasema.

Asubuhi tulipiga magoti kila mtu upande wake kama mafundi wawili wanaogombea tairi. Mimi nilibandika plasta kisiginoni, pana, isiyo na mkunjo, nikazungushia kona zake ili zisinyanyuke. Soksi moja, nyembamba, nimeigeuza mshono uwe nje. Juu yake raba ya kitambaa aliyoizoea, ameivaa nyumbani tangu mvua za mwaka jana, imekaa mguuni kama jina.

Wifi upande wa pili alikata kipande cha sponji, akatoboa katikati ili lengelenge likae kwenye tundu lisiguswe. Poda kidogo. Soksi nene. Kiatu chake cha ngozi chenye soli nene kama mkate, ndani soli ya ziada, na kamba akaipitisha kwa namna yake ya sokoni inayomfunga mtu kisigino kisipande wala kushuka.

“Mguu wangu umevaa,” akasema. “Huo wako umefunikwa.”

“Wako umejengwa. Umeshaupatia hati ya nyumba?”

Tukatoka. Na niseme haki: miguu ilikwenda. Tulipita mtaa wa mafundi cherehani, tukapita sokoni, tukapita mahakamani, mzee wangu akitazama kila kitu, milango, paka, mafundi redio, anasema, “Kumbe huku nyuma kuna mtaa. Kumbe hapa kuna watu.” Kila tulipopumzika, mimi nilikagua kushoto, wifi akakagua kulia. Hakuna wekundu, hakuna joto. Nilimbadilishia soksi kavu ya kushoto. Wifi, asipitwe, akabadilisha ya kulia.

“Wangu haujambo,” nikasema.

“Wangu unaimba,” akasema.

“Kiuno,” mume wangu akasema.

“Nini?”

“Hamna. Sawa.”

Tukaendelea. Tukaanza kuona mapaa yakipungua, tukasikia barabara kuu ikiunguruma, na pale mbele, kati ya majengo, kipande cha chuma cha daraja. Hapo akasimama. Akajaribu hatua, akaguna, akajishika ubavu, akaketi taratibu kwenye ngazi za duka lililofungwa.

“Mguu gani?” tukauliza kwa pamoja, na nitakuwa mkweli, kila mtu aliombea wa mwenzake.

“Miguu haina kitu.” Alikuwa anahema. “Ni mimi. Kiuno, mgongo, mpaka shingo. Tangu asubuhi natembea kama mtu aliyekanyaga tofali mguu mmoja. Huku niko juu, huku niko chini. Huku juu, huku chini. Hamuoni?”

Tukatazama. Soli ya wifi na raba yangu vilipishana kama kuku na bata. Mtu alikuwa ametembea mji mzima amepinda kama bango lililong’oka msumari.

“Ni soli yako hiyo,” nikamwambia wifi. “Ungeivaa mwenyewe labda ungeonekana mtu mrefu.”

“Ni hicho kitambara chako! Vueni hiki cha kushoto, vingine vyangu viko nyumba ya wageni, nitavifuata—”

“Fuata, usirudi. Tutafuata raba yangu ya kulia.”

“Mkono wako usiguse mguu wangu!”

“Mguu wako? Mguu huu ulinitolea mahari!”

“Hapana.”

Tulidhani ni mpita njia. Hatukuwahi kusikia neno lile kwa sauti ile.

“Hapana,” mume wangu akasema tena, na akaonekana limemshangaza na yeye. “Hamfuati kitu. Hamnigusi. Dada, kaa pale. Wewe, kaa kule. Miguu ni yangu. Nimezaliwa nayo, mkanikuta nayo.”

Akavua viatu vyote viwili mwenyewe. Akaichomoa soli ya ziada ya wifi kwenye kile cha ngozi, akaitia kwenye raba yangu. Akachukua soksi nene mbichi ya jasho iliyokuwa mfukoni mwa wifi, akaikunja chini ya soli, akavaa, akasimama. Akapima. Akatoa mkunjo mmoja. Akapima tena. Wifi alifungua mdomo, akanyooshewa kidole, akaufunga. Mimi sikufungua, nilikuwa nimebanwa na hasira kiasi kwamba ungenigonga ningelia kama ngoma.

“Msinifuate,” akasema.

Tulimfuata, bila shaka. Kwa mbali, wifi ukingo huu wa barabara, mimi ule. Alikwenda polepole, kiuno bado kinamkata, lakini alikwenda sawasawa kama mtu wa miguu yake. Chini ya daraja akashika chuma, akaanza ngazi, moja, anapumzika, moja. Tulipofika tukaweka miguu kwenye ngazi ya kwanza, akatuona.

“Kaeni huko huko chini!”

Tukakaa. Ngazi ile ile moja, hakukuwa na nyingine.

Daraja lile lilikuwa la wavu wa chuma, kwa hiyo kutoka pale tulichoona ni nyayo tu: ile ya ngozi pana na nyeusi, ile ya raba imelika upande. Zilitembea mpaka katikati ya barabara, zikageuka zikatazama malori yanakotokea, zikasimama pamoja.

Likaja lori la kwanza, likapita kimya. La pili likapita. Lile la tatu, jekundu, likaanza kupiga honi toka mbali, likaipiga mpaka likaingia chini ya daraja, chuma chote kikatetemeka, nasi tukaziba masikio. Zile nyayo zikainuka, zikasimama kwa ncha za vidole.

“Anacheka au analia?” nikamuuliza wifi.

“Kwani mimi niko juu?”

“Wewe si una macho ya kuonea miguu ya watu? Soma basi.”

Wifi akainua kichwa, akatazama kwa muda mrefu, macho ameyakaza kwa sababu ya jua.

“Kisigino changu hakijachomoka kiatuni hata kidogo,” akasema. “Hiyo ndiyo kamba.”

“Plasta yangu,” nikasema, “ndiyo iliyomfikisha.”

Akanisogelea ili anijibu vizuri.