Ngeli ya Zu

Mume wangu ni fundi wa redio, pasi na feni, na kila siku baada ya chakula cha mchana hulala nusu saa kwenye benchi nyuma ya kibanda chake, mdomo wazi. Humo usingizini ndimo anamotunga lugha. Sitanii. Wengine huota wanakimbizwa na ng'ombe. Yeye huota watu wanaongea lugha isiyokuwepo duniani, naye anaielewa yote. Akiamka hubaki na neno moja au mawili, akanipigia simu shuleni kuniambia kabla hayajamtoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka ishirini na mbili nafundisha watoto wa watu ngeli, kwamba mtoto analia, kiti kinavunjika, miti inaanguka. Nilidhani kwa mume huyu nimeshaona ya Musa, kumbe ya Firauni yalikuwa njiani. Siku moja akanipigia kusema kwamba lugha yake ina ngeli ya vitu vilivyoharibika vikatengenezwa.

"Kikombe kikivunjika ukakiunga, si kikombe tena," alisema. "Ni zukombe. Pasi ikipona ni zupasi. Zupasi zuangu zuzuri."

"Hakuna ngeli ya zu."

"Kwenu haipo. Kwetu ipo."

Ikawa mchezo wetu nyumbani. Zufeni zunazunguka. Zulango zumefungwa. Kikombe changu cha chai, alichokiunga kwa gundi, kikawa zukombe zuangu. Akikosea upatanisho namsahihisha, maana hata upuuzi una sarufi yake. Nilimuuliza kwa nini kitu kikipona kisirudi tu kwenye ngeli yake ya zamani.

"Kimepitia mambo," akasema. "Utakiitaje kana kwamba hakikupitia kitu?"

Kisha nikaugua. Nitasema wazi kwa kuwa sipendi mafumbo: nilikatwa titi la kushoto. Daktari alisema nina bahati, na ni kweli, lakini siku niliyorudi nyumbani nilihamishia mto wangu kwenye chumba cha cherehani, nikageuza kioo kikatazama ukuta, nikafunga mlango. Mume wangu alibisha. Nikamwambia nimechoka. Kesho yake pia nilikuwa nimechoka. Siku ya tano hakubisha. Nilisikia kiti kikiburutwa hadi mlangoni, kisha akaketi.

Mwanamume mzima ameacha kazi ananilinda kama mahabusu, nikajisemea, hasira zikanipanda. Lakini chini ya hasira ilikuwa hofu tu. Niliogopa atanitazama kwa huruma. Niliogopa zaidi kwamba atajifanya hajaona kitu.

Mchana ule akasinzia palepale kitini. Nilimsikia akikoroma, halafu akiongea ile lugha yake, halafu akashtuka.

"Nimepata neno," akasema nje ya mlango. "Fungua upesi, litanitoka."

"Liseme hapohapo."

"Hili halisemwi mlangoni, mama."

Ukaidi wake naujua, angekaa hapo hadi kiti kiote mizizi. Nikafungua. Alikuwa amekunjamana shati, mkononi ana kile kikombe changu chenye mshono wa gundi, chai imeshapoa. Alinitazama usoni, kisha akanitazama kifuani, palepale, bila kukwepesha macho na bila haraka, kama anavyotazama kazi iliyo mezani kwake.

"Zuke wangu," akasema.

Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Hakuninyamazisha. Alisubiri tu, kikombe kinamtetemeka mkononi, na nikaona kwamba siku zote tano na yeye alikuwa anaogopa. Nikakipokea kikombe kabla hakijavunjika mara ya pili.

"Umekosea upatanisho," nikamwambia. "Si wangu. Ni zuke zuangu."

Akarudia mara mbili, taratibu, mpaka akapatia. Ndipo nikarudi ndani kuchukua mto wangu.