Kilomita Mia Tano Kabla ya Kabambare

Fundi Elie alimpa Zuberi ufunguo lakini hakuuachia. Aliushika upande wake, akamtazama usoni.

"Papa Nuru, unisikie vizuri. Kilomita mia tano za kwanza usipite arobaini kwa saa. Usipakize muntu. Kila nusu saa unasimama, moteri inapoa. Kisha unaniletea, ninamwaga oili, ninaweka ingine. Rodaji njo hiyo, kuzoeza moteri mupya. Kisha sasa uende Kabambare yako."

"Mia tano ni siku ngapi?"

"Ukitembea muzuri, tano. Sita."

Zuberi aliitazama pikipiki. Nyekundu, imetoka kwenye katoni asubuhi ileile, nailoni bado iko kitini. "Na nikifanya rodaji njiani? Kutoka hapa mpaka Kabambare, kilomita si zinatosha?"

"Njia ya Kasongo ni matope na milima," Elie akasema. "Utashinda kwenye gia ya kwanza, moteri inalia, haiendi. Itapata moto mpaka pistoni ikamate, moteri isimame. Na kurudi utabeba muntu wa mimba. Ikikamata kule porini, utamufanyia nini?"

Zuberi alichukua ufunguo. Elie alikuwa mgeni wa Kasai, ana miaka kumi tu Kindu, hakujua amegusa wapi.

Nuru alikuwa binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kabambare. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Mume wake alikwenda Kalemie kutafuta bidhaa, na vita vikamfungia njia ya kurudi. Jumapili Nuru alimpigia baba yake simu. Hakulia. Alisema tu, "Papa, watu wanaanza kuhama. Mimi miguu imevimba, sitafika mbali. Ukuje unichukue." Jumatatu Zuberi akanunua pikipiki.

Sasa ilikuwa Jumanne. Akaondoka kwa Elie polepole, akapita mtaa wa Mikelenge wote na kushika njia ya uwanja wa ndege, sindano imelala kwenye thelathini na tano. Waendesha pikipiki za abiria walimpita kushoto na kulia. Mmoja akapunguza mwendo, akamwuliza kwa adabu kabisa, "Papa, unasindikiza maiti?" Zuberi akaangalia mbele. Kila nusu saa alisimama, akachuchumaa kando ya barabara na kusikiliza chuma kikipoa, tik, tik, tik. Jioni kipimo kilionyesha kilomita themanini na mbili. Alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyebeba pikipiki badala ya kuipanda.

Mke wake, Aïcha, alikuwa amekaa mlangoni na simu mapajani.

"Ya Nuru inaita?" Zuberi akauliza.

"Inaita, haishikwi," akasema Aïcha.

Jambo ambalo Elie hakulijua ni hili. Mwaka wa tisini na nane, waasi walipoingia Kindu, Zuberi alikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wake Sefu alipigwa risasi ya paja karibu na stesheni. Hospitali ilikuwa tupu, waganga wamekimbia. Mjomba wao alikuwa ameficha pikipiki mpya kabisa ndani ya ghala la mpunga, akasema, muchukue, muvuke muto, muende Kalima, kule kunaweza kupatikana daktari. Zuberi alimfunga Sefu mgongoni kwa kitenge cha mama yao, akakaza mkono wa mafuta hadi mwisho. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu rodaji, na hata angeambiwa asingesikia. Walipofika katikati ya njia pikipiki ilitoa mlio kama wa kisu juu ya sahani, gurudumu la nyuma likakwama, wakaanguka. Alipiga kiki mpaka kiatu kikapasuka. Kiki haikushuka. Sefu alikuwa akimwambia asiwe na haraka, na aliendelea kumwambia hivyo, kwa sauti iliyozidi kupungua, mpaka saa tisa ya mchana. Aliyepita njia hiyo siku nzima alikuwa mtu mmoja wa baiskeli, naye alikuwa anakimbia.

Ndiyo maana sasa Zuberi aliendesha kwa arobaini, hakuzidisha.

Jumatano alikwenda nusu ya njia ya Lokandu akarudi. Alhamisi akafika Lokandu penyewe. Wavuvi walikuwa wanateremsha samaki, mama mmoja akamwuzia samaki wa kuchoma. Alikula amesimama, mkono mmoja juu ya tangi, kama vile angeweza kuhisi kwa kiganja jinsi vyuma vinavyozoeana huko ndani. Aliporudi mjini Aïcha alimpokea nje ya ua.

"Sasa haiiti hata kuita," akasema. "Wanasema mnara wa kule umezimwa. Baba Nuru, uende kesho."

"Bado kilomita mia mbili na kitu."

"Mutoto wa tumboni haijui kilomita."

"Ikikamata njiani na Nuru iko nyuma yangu?"

"Na kama hautamukuta?" Aïcha hakupandisha sauti. "Sefu alikuwa mudogo wako, nilimujua, nilimulilia. Lakini Sefu alishakufa. Nuru ni muzima."



Ijumaa, baada ya alfajiri, Zuberi alifunga bidoni mbili za mafuta, shuka, na nguo za mtoto ambazo Aïcha alizikunja usiku. Akashuka mtoni. Wavushaji waliinua pikipiki na kuilaza ndani ya mtumbwi, naye akaingia. Mtaa wa Alunguli ulionekana ng'ambo, moshi wa asubuhi juu ya mapaa. Kutoka hapo njia ya Kasongo ilikuwa yake. Aliweka kiganja chake juu ya moteri. Kutoka nyumbani hadi mtoni ni mwendo mfupi, na tayari ilikuwa ya moto kuliko alivyotegemea. Labda moteri zote huwa hivyo. Hakujua. Alikuwa mkulima, hakuwa fundi.

"Tuende, papa?" mvushaji akauliza.

Zuberi hakuondoa kiganja mpaka watu wengine ndani ya mtumbwi wakaanza kugeuka kumtazama.

"Muishushe," akasema.

Waliishusha. Zuberi alishinda siku hiyo kwenye barabara ya uwanja wa ndege, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, machozi yakikaushwa na upepo mdogo wa kilomita arobaini kwa saa.

Jumapili saa nne kipimo kikapita mia tano. Elie akafungua kizibo, oili ya kwanza ikatoka nyeusi, na alipoitikisa kwenye beseni ndani yake likang'aa vumbi la chuma.

"Ona," akasema. "Hii yote ingebaki ndani, ingekula pistoni. Ulifanya vizuri, Papa Nuru. Sasa hata ukaze mukono, haitakusumbua."

Jumatatu alfajiri akavuka mto, na kweli haikumsumbua. Siku mbili, kwenye matope ya kufika magotini, kwenye madaraja ya magogo mawili, pikipiki ile ilipanda kila mlima bila kukohoa. Jumatatu jioni alilala njiani kwa watu asiowajua. Jumanne saa nane alikuwa ameipita Kasongo, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya Nuru kifua chake kikalegea. Alijikuta anaongea peke yake, anamwambia Nuru wapi wataegesha wapumzike.

Kisha akaona kamba imevutwa katikati ya barabara, na askari watatu chini ya turubai.

"Unaenda wapi, muzee?"

"Kabambare. Kuchukua mutoto wangu. Iko na mimba."

"Njia imefungwa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi saa sita." Askari hakuwa mtu mbaya, alimwangalia Zuberi, kisha pikipiki, akashusha macho. "Waliopita juzi asubuhi hatujawaona tena. Kaa hapa, muzee. Kaa tu."

Akakaa. Siku tatu alikaa kando ya kamba ile, na watu walikuwa wanatoka porini, wanawake na masufuria vichwani, wazee wanavutwa kwenye baiskeli. Zuberi alimwuliza kila mmoja: mwalimu Nuru, mweusi, mrefu, tumbo kubwa? Wengine walisema hawamjui. Mwanamke mmoja alisema amemwona, kisha akasema labda ni mwingine. Pikipiki ilisimama nyuma yake, tangi limejaa, tayari kwa lolote.

Siku ya tatu simu yake ikalia, namba asiyoijua.

"Papa." Ilikuwa sauti ya Nuru, mbali sana, na nyuma yake mtoto mchanga analia. "Uko wapi?"

"Niko karibu, mama. Niko kwenye bariyeri ya askari. Uniambie kijiji gani, nitapita hata porini."

"Usikuje. Papa, unisikie, usikuje. Wanakamata wanaume na mapikipiki. Uniahidi."

"Nuru."

"Uniahidi."

Akaahidi. Alitaka kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, wana chakula gani, wako na nani, lakini simu ilikatika, na namba ile haikupokelewa tena siku hiyo wala siku zilizofuata.

Kurudi Kindu kulichukua siku mbili kama kwenda. Aïcha alipomwona anaingia peke yake alikaa chini palepale uani. Zuberi alimweleza yote, na kuhusu sauti ya mtoto alimweleza mara nyingi, kwa sababu Aïcha alirudia kuuliza: analia kwa nguvu, au analia kidogo?

Zikapita wiki saba. Zuberi alikuwa shambani siku jirani Mwavita alipokuja kumwita. Nuru alikuwa ameingia kwa treni. Alitembea kusini na watu wa kanisa moja mpaka Kongolo, akangoja treni huko siku kumi na mbili, akashuka stesheni ya Kindu na kuja nyumbani kwa miguu, mtoto wa kike mgongoni. Alikuwa amekonda mpaka Zuberi alimtambua kwa mwendo wake kwanza.

Walipokwisha kuketi, Zuberi akamwuliza walikimbia siku gani.

"Alhamisi," Nuru akasema. "Alhamisi asubuhi, siku ine baada ya ile simu ya kwanza."

Alhamisi alikuwa Lokandu, anakula samaki amesimama. Alianza kuhesabu: kama angeondoka Jumanne ileile, kwa matope yale, angefika Alhamisi saa ngapi? Na pikipiki ingefika? Aliihesabu njia yote kichwani, mlima kwa mlima, lakini hesabu haikukamilika, akaianza upya.

Nuru alimwona midomo ikicheza. "Papa, uache," akasema. "Sikukungoja. Kama ningekungoja, ningekufa."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa habari ya safari. Kisha akamfungua mtoto mgongoni na kumwomba mama yake maji ya vuguvugu.