Harufu ya Sebuleni kwa Shangazi

Shangazi yangu alikataa kuweka sahihi. Yeye ndiye mwenyekiti wa mtaa, na bila sahihi yake bustani mpya, tuliyoitengeneza juu ya jalala la zamani, isingefunguliwa. Kwa hiyo meneja wetu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaanza kunibembeleza.

"Huyo mama ni ndugu yako. Nenda kamalizane naye."

"Anasema gesi ya jalala inaingia nyumbani kwake."

"Na wewe si ndiye unayepima gesi?"

Ndiyo kazi yangu. Jalala la mji lilipofungwa tulilisawazisha likawa kilima, tukalifunika kwa udongo wa mfinyanzi, juu yake nailoni nene nyeusi isiyopitisha kitu, kisha udongo mwingine, kisha nyasi. Lakini taka haziachi kuoza kwa sababu tu zimefunikwa. Huko chini zinaendelea kutoa gesi, na gesi isipopewa njia hujitafutia yenyewe, hata chini ya sakafu za watu. Ndiyo maana tumechomeka mabomba kilima kizima ili kipumue, nami huyazungukia na kipimo changu, nikichungulia namba kama mganga anayepima homa.

Nyumba ya Shangazi ndiyo ya kwanza ukitoka kwenye uzio, na yeye hupikia ndani. Gesi ikijaa jikoni, njiti moja ya kiberiti inatosha. Nilikwenda roho mkononi.

Nilimkuta ameketi kizingitini, begi liko miguuni. Tangu juzi alikuwa akilala kwa jirani.

"Umekuja kama mwanangu au umekuja kama ofisi?"

"Nimekuja kama pua, Shangazi."

Hakucheka. "Niliwaambia tangu mwanzo. Mmefunika tu. Mmetandika shuka juu ya uchafu mkasema kitanda kimetandikwa."

Shangazi akianza kusema, wewe tafuta pa kukaa. Na alikuwa na haki ya kusema, maana hakuna aliyelipigia kelele jalala lile kama yeye. Mumewe tulimwita Kijiko, kwa jina la ule mtambo wa kuchimbia aliouendesha juu ya taka mpaka anastaafu. Kila jioni Shangazi alimvua nguo uani, akamsugua kwa brashi, akamkagua masikioni, na bado usiku alilala amegeukia ukutani. "Mimi nimeolewa na jalala," aliwaambia wageni, mume akiwa hapohapo, na Kijiko ndiye aliyecheka kuliko wote. Alifariki miaka michache kabla lori la mwisho halijamwaga taka zake.

"Ikoje hiyo harufu?" nikamuuliza.

"Si ya kuoza. Ya kuoza naijua, nimeishi nayo. Hii ngeni. Ina joto joto. Ina utamu kidogo, halafu kama ngozi."

Hapo udadisi ukanipanda. Gesi ya jalala hainuki hivyo hata siku moja.

"Inakuja saa ngapi?"

"Alasiri. Asubuhi huipati."

Jambo hilo nalo lilikuwa kitendawili. Gesi ya kilima haina zamu. Niliwasha kipimo nikaingia ndani, Shangazi nyuma yangu akinielekeza kama vile nyumba siijui. Jikoni, sifuri. Kwenye tundu la bafu, sifuri. Nililala kifudifudi nikakiingiza chini ya kitanda, kikasoma sifuri na vumbi likaniingia puani. Nilisogeza kabati nikapata chujio la chai.

"Hilo lirudishe ulikolitoa," akasema upesi. "Nimeshamsingizia jirani mwaka mzima."

"Ndiye anayekulaza kwake sasa?"

"Wewe pima gesi."

Nilipima kila ufa. Hofu ilinitoka kidogo kidogo, ila ile hamu ya kujua ilizidi. Kama si gesi, ni nini? Panya aliyekufa hanuki utamu. Tulikaa sebuleni kusubiri, yeye kwenye kochi, mimi kwenye mkeka, kipimo katikati yetu kama mgeni asiye na la kusema.

Jua lilipopinduka likaingia dirishani, likapita sakafuni, likapanda kwenye kiti kilichokuwa pembeni.

"Hiyo," Shangazi akanong'ona. "Imeanza."

Na mimi nikaisikia. Hafifu, lakini ipo, na kweli ilikuwa na joto. Nilipiga magoti nikaifuata kwa pua, nikatambaa mbele ya shangazi yangu bila haya, mpaka uso wangu ukagota kwenye kile kiti.

"Hiki kilikuwa hapa siku zote?"

"Cha Kijiko hicho. Tulipomzika nilikifunika kwa nailoni, sikuweza kukitazama. Malori yalipokoma nikasema sasa nyumba hii inafaa kuingia watu. Wiki iliyopita nikafua mapazia, nikakifunua."

Nikaweka kipimo kwenye kiti. Sifuri.

"Njoo unuse hapa, Shangazi. Hapa pa kuegemeza kichwa."

Kitambaa pale kilikuwa kimechakaa, kimebaki na alama ya kichwa. Aliinama huku amekunja uso, tayari kuchukia. Akanusa. Akanusa tena. Uso ukakunjuka.

"Huyu ni nani?" akauliza.

 Uvundo wa jalala ulikuwa umeshatoka kwenye kitambaa, na nje hapakuwa tena na uvundo wa kuifunika harufu iliyobaki. Ilibaki ya mafuta ya nywele, ya shati lililopigwa pasi, ya mtu aliyesinzia juani. Shangazi alishika mikono ya kiti, akakalia sakafu taratibu.

"Kumbe alikuwa ananukia hivi," akasema.

Akapapasa ile alama ya kichwa.

"Maisha yangu yote nimelala na jalala. Yeye mwenyewe sikuwahi kumnusa." Kisha akalia, si kilio cha msibani, kilio kidogo cha mtu aliyepitwa na kitu akiwa amekigeuzia mgongo. Nami nilisikia uchungu, nikamshika bega, maana mimi pia nilizoea kubana pua Kijiko akinikumbatia.

Jua liliondoka kwenye kiti na harufu ikaondoka nalo. Shangazi alijifuta kwa upande wa kanga, akaniamuru nifungue begi na kurudisha nguo kabatini.

"Mwambie huyo meneja wako aje na karatasi zake, nitasaini. Watoto wakacheze."

"Nitamwambia."

"Na ile nailoni yenu nyeusi. Kweli haipitishi harufu?"

"Haipitishi, Shangazi."

"Ilibaki?"

Kilibaki kipande stoo. Kesho yake nilikileta, tukakizungushia kiti, mimi nikishika, yeye akibandika, dirishani zikituingilia harufu ya nyasi zilizokatwa na vigelegele vya watoto waliokuwa wameshauruka uzio kabla ya ufunguzi. Shangazi alikwenda akafunga dirisha. Nilipofika pale pa kuegemeza kichwa nikavuta nailoni ikaze, akanizuia mkono.

"Hapo acha," akasema. "Si mnasema lazima kipumue?"