Manyanga ya Happiness

Pua ya Mwalimu Mwanahawa ilizibuka saa tisa na nusu alasiri, baada ya mafua ya wiki nzima. Maonyesho ya kazi za mikono yalikuwa yamekwisha, watoto wamebeba vitu vyao wakaenda zao, naye alikuwa akifuta vumbi kwenye dawati la mbele. Dawati lilinuka dawa ya nyanya.

Mwanahawa ni mtoto wa Dakawa, amekulia kando ya majaruba ya mpunga. Baba yake alipiga dawa shambani miaka mingi mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Harufu ile hakuhitaji kuambiwa. Na huku juu Uluguru wanapiga dawa kwelikweli, kwenye nyanya, kwenye kabichi, na chupa zake ni nyeupe na nene, nzuri ajabu kwa kazi za mikono.

Sasa nani aliyewaagiza watoto walete vyombo vya plastiki kutoka nyumbani? Yeye. Makopo ya mafuta ya kujipaka, madumu ya mafuta ya kula, ndoo zilizopasuka, chochote. Na nani aliyesema kila lebo ibanduliwe kwa maji ya moto na majivu, ili kazi zipendeze? Yeye huyohuyo. Watoto wa milimani wana adabu. Walibandua mpaka haikubaki chupa yenye jina. Leo Mwalimu Mkuu alipita mbele ya wazazi akisifia magari ya madumu na vyungu vya maua, naye Mwanahawa akatabasamu huku anapenga kamasi. Mafua gani hayo, bwana, ya kumfanya mtu mzima awe kipofu wa pua!

Dawati lile ni la Happiness wa darasa la tatu. Happiness alikuwa ametengeneza manyanga: chupa nyeupe, punje za mahindi ndani, mpini wa mti.

"Ya mdogo wangu, Mwalimu," alikuwa amesema. "Anaota meno, analia sana."

Mtoto anayeota meno kila kitu hukipeleka mdomoni.

Hakufunga hata mlango wa darasa. Kwa kina Happiness ni juu, ng'ambo ya kijito, njia nyembamba ya udongo mwekundu unaoteleza, na Mwanahawa ni mtu wa viatu vya mjini. Alivivua akavishika mkononi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, akatoa tusi ambalo mwalimu hatakiwi kulijua. Moyo haukumpa nafasi. Mara amwone mtoto anacheka, mara amwone anatoka povu. Mara ajiambie kwamba chupa ilioshwa vizuri, kisha akumbuke mikono ya baba yake, iliyooshwa kwa sabuni kila jioni.

Kijitoni akakutana na mzee Anselmi na mzigo wake wa kabichi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za shule? Za nyumbani Dakawa? Mvua huko imenyesha?"

Mzee husalimiwa mpaka amalize. Mwanahawa alijibu moja baada ya nyingine, miguu ikimwasha, akaona aibu kwa jinsi alivyomchukia mzee wa watu asiye na kosa.

Mtoto alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, manyanga kayashika kwa mikono miwili, anatafuna kitako cha chupa kwa ufizi. Mama yake, Scholastika, alikuwa anachambua mboga. Alipofungua mdomo kumkaribisha mgeni, Mwanahawa alishampokonya mtoto manyanga. Mtoto akaangua kilio.

"Mwalimu! Kulikoni?"

"Chupa ya dawa hii, mama. Dawa ya nyanya! Nipe maji, nimsafishe mdomo, upesi!"

Scholastika akakimbilia jikoni, akarudi na maji. Mwanahawa alinyoosha mkono kuyapokea, mkono ukaishia hewani. Maji yalikuwa ndani ya chupa nyeupe, nene, iliyokatwa shingo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni zilezile. Tulikuwa tunazifukia shimoni, bwana shamba alisema hivyo. Happiness akaja na somo lako, kwamba hakuna chombo cha kutupa. Nikaona mwalimu amesoma kuliko sisi. Nikazifukua." Sauti ikaanza kumpotea. "Nimeziosha, Mwalimu. Nimeziosha mara tatu."

Mwanahawa alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichota maji ya mtungini kwa kiganja, akamsafisha mtoto mdomo, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, machozi yake mwenyewe yakidondoka kwenye shingo ya mtoto.

"Mbebe, ushuke naye zahanati sasa hivi. Manyanga nayo uyachukue, wayaone. Wakikuuliza, waambie ni mwalimu aliyesema."

Scholastika alikwisha kumfunga mtoto mgongoni, lakini hakuondoka.

"Zilikuwa nyingi," alisema. "Nilimgawia na Mama Severini. Yeye anawekea maziwa ya mjukuu wake. Anamnywesha jua likianza kushuka."

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Kwa Mama Severini ni juu zaidi, nyuma ya kilima cha pili. Scholastika akashika njia ya bondeni. Mwanahawa akapanda mbio, pekupeku, akiita, "Msimnyweshe! Msimnyweshe!", na nyumba yenyewe ilikuwa haijaonekana bado.