Kitanda cha Chini

Kokulinda alivua viatu, akapanda kitanda cha chini cha abiria, akajinyoosha chali huku macho yakiwa kwenye dari lililopakwa rangi jana yake. Mhudumu wa vyumba haruhusiwi kulala kwenye vitanda vya daraja la pili, hata kama meli iko nchi kavu juu ya chelezo, ikikarabatiwa, na hakuna abiria wa kumwona. Lakini alitaka kujua kama mbao zinachoma mgongo. Zilikuwa zinachoma kidogo, upande wa kushoto. Akaamka, akaingiza blanketi la pili chini ya godoro, akalala tena.

"Mama Queen! Nani kakukatia tiketi?"

Alikuwa Injinia Masele, amesimama mlangoni na ovaroli lake la grisi. Kokulinda alikurupuka, akatafuta viatu kwa miguu.

"Samahani, Injinia. Nalipima godoro. Ni la mama."

Masele aliacha utani papo hapo. Yadi nzima ilijua habari za bibi Kokushubira, mama yake Kokulinda. Alikuja kutoka Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, kutibiwa, na madaktari, kwa ule upole wao unaotisha, walikuwa wamemwambia kwamba sasa akapumzike nyumbani. Uvimbe kwenye uti wa mgongo haukumruhusu kukaa, alale tu. Na nyumbani kwa bibi huyo hapakuwa Igogo, kwenye chumba cha kupanga cha binti yake. Nyumbani kwake ni kibanjani, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, pale alipozikwa mumewe. Alitaka afike huko angali anaona.

"Ijumaa tunaishusha majini kwa majaribio," Masele alisema. "Ikikubali, Jumapili tunapakia abiria wa Bukoba."

"Kweli, Injinia?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Hilo ndilo lililomponza Kokulinda.

Jioni alipanda kilima cha Igogo akipita katikati ya mawe, miguu myepesi. Dirisha la chumba chake linatazama ziwa, na kitanda cha mama alikisogeza hapo makusudi.

"Imelia?" mama aliuliza, kama alivyouliza kila jioni.

Alikuwa na maana ya honi. Ujanani mwake, honi ya meli ikisikika Kemondo, bandari ya kwao, watu waliacha hata vyungu motoni wakakimbilia bandarini. Kwake yeye, meli ikishalia imeshaondoka.

"Bado, mama. Jumapili."

Muganyizi, kaka mkubwa wa Kokulinda anayefundisha chuo kule Nyegezi, alikuwa ameegemea mlango bila kukaa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka tu, haraka ya mtu aliyezungumza na madaktari peke yake.

"Nimepata Noah pale Buhongwa," alisema. "Wanang'oa viti vya nyuma, tunamwekea godoro. Daraja la Busisi limefunguliwa, hakuna tena kusubiri kivuko. Kesho tukitoka asubuhi, jioni yuko kwake."

"Kaka, njia nzima ni matuta. Kila tuta atalia."

"Kuna dawa za maumivu."

"Kuna meli."

"Meli iko juu ya chelezo tangu kiangazi kianze, Koku. Wewe na hiyo meli yako!"

"Mimi ndiye naiona kila siku. Mapazia yote nimeshashona."

Alilisema hilo kana kwamba mapazia ndiyo yanayosukuma meli. Muganyizi alimgeukia mama yao kutafuta hukumu, na mama, macho amefumba, akasema neno moja tu: "Meli." Basi Muganyizi akatoka nje, akampigia dereva simu, akamwambia asisumbuke.

Ijumaa meli ilishuka majini na honi ikapigwa, ndefu, mpaka kunguru wa bandarini wakaruka. Kokulinda alikuwa ndani yake akifuta vioo, na alilia kwa furaha bila kuona haya. Kutoka majini aliiona Igogo yote, mawe yake, bati la bluu la nyumba aliyopanga, na mtu anayepunga kitenge dirishani. Alijua ni Evelina, jirani aliyemwachia mgonjwa. Akapunga naye, kwa lile tambara la kufutia vioo.

Hawakufika hata kisiwa cha Saanane. Mlio wa injini ulishuka ghafla, mafundi wakakimbilia chini, na baada ya muda Masele alipanda juu akiwa ameloa mpaka magotini.

"Maji yanaingia kwenye shafti. Sili inayoyazuia imelika. Tunarudi."

"Tunarudi wapi?"

"Juu ya chelezo, Mama Queen." Hakumtazama usoni. "Kipuri mpaka kitoke Dar."

Kokulinda alipofika nyumbani alimkuta mama amelala juu ya shuka katika gauni lake la kanisani, kilemba kimefungwa vizuri, rozari shingoni, na viatu miguuni. Evelina alimvuta pembeni akamnong'oneza. Honi ilipolia, bibi aliamuru avalishwe. Alikuwa akiuma kitenge kwa maumivu lakini alikataa kabisa waache. Kisha wakaitwa majirani, akawaaga mmoja mmoja kwa mkono.

"Imelia," mama alisema. Safari hii hakuwa anauliza.

"Imelia, mama. Ila walikuwa wanaijaribu tu. Imerudi."

Mama aligeuza macho dirishani, kule ziwani.

"Haya," alisema. "Nivue viatu."

Kokulinda alimvua viatu, akaviweka chini ya kitanda. Tangu siku hiyo mama hakuuliza tena. Jioni ilipofika, binti alikaa karibu naye akilisubiri lile swali, na swali halikuja. Hilo lilimuuma kuliko kama angelaumiwa.

Alimpigia kaka yake. Noah ililetwa mpaka mwisho wa njia, viti vimeng'olewa, godoro limetandikwa. Walimnyanyua mama kwa shuka, kila mmoja akishika pembe zake mbili, lakini kabla ya kuufikia mlango alitoa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake maishani mwao. Wakamrudisha kitandani. Muganyizi alitoka nje, akasimama akitazama mawe.

"Wiki iliyopita angeweza," Kokulinda alimwambia mgongoni. "Angeweza, kaka."

Muganyizi alishuka kwenda kumlipa dereva.

Bibi Kokushubira alifariki Alhamisi iliyofuata, asubuhi, wakati binti yake akimlowesha midomo kwa pamba. Kule chini yadini, mafundi walikuwa tayari wanafunga sili mpya.

"Jumapili inaondoka kweli, nimeuliza," Muganyizi alisema walipotoka mochwari. "Tumpeleke kwa meli. Ndivyo alivyotaka."

Alilisema kwa upole, bila kumsimanga. Kokulinda aliona heri kaka yake angempiga kofi.

Jumapili Masele alimwambia apumzike, mwingine atashika zamu yake. Akakataa. "Nikikaa bila kazi nitapiga kelele, Injinia." Kwa hiyo alitandika. Alitandika vyumba vyote huku chini wapakiaji wakiingiza mizigo, makreti ya soda, magunia ya mchele wa Magu, na jeneza moja lililoandikiwa Kemondo. Alipofika kwenye kile kitanda cha chini alichomwandalia mama, alimkuta mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, tiketi mkononi.

"Dada, hiki ndicho changu?"

Kokulinda aliitazama namba. "Ndicho. Karibu."

Yule mwanamke aliketi, akaminya godoro kwa kiganja, akacheka. "Jamani, lilivyo laini! Mbona mengine siyo hivi?"

"Naomba nikubadilishie shuka," Kokulinda alisema. "Nakuletea jingine sasa hivi."

Alilitoa shuka lile, akamtandikia jingine, kisha akalikunja la kwanza kifuani na kushuka nalo ngazi za chuma mpaka kwenye mizigo. Huko chini kulikuwa na baridi. Muganyizi alikuwa ameketi juu ya gunia kando ya jeneza, koti limefungwa mpaka shingoni. Alipoona alichobeba dada yake aliinuka, akashika upande wa pili.

Walilitandaza pamoja juu ya jeneza. Kokulinda alizunguka, akazichomeka pembe kwa nguvu kama alivyofundishwa, shuka lisivutike usingizini meli ikiyumba. Pembe ya mwisho ilimshinda. Akairudia, akairudia tena.

Juu, honi ikalia. Chuma chote kilitetemeka.

"Imelia, mama," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.