Sponji la Begani

Sponji laini ni uongo, na uongo huo nimeuuza miaka thelathini na moja. Mteja anaingia karakana yangu ya makochi, anakaa, anazama, anafumba macho na kusema, "Ahaa, fundi, hapa ndipo pa kulala." Namwacha alale. Baada ya miezi mitatu makalio yake yatafika kwenye mbao, naye akija kulalamika nitamuuliza kwa upole kama hajanenepa. Sponji la kweli ni lile gumu, la mabaki yaliyosagwa yakakandamizwa kwa gundi. Halivutii macho. Lakini mtu akijibwaga juu yake, linampokea.

Naeleza haya ili ujue kwamba nilichomfanyia binti yangu sikukifanya kwa ujinga.

Ni mwanangu wa pekee. Mama yake tulimzika miaka sita iliyopita, na tangu hapo nyumba ni mimi, yeye na vumbi la pamba. Akaajiriwa askari wa wanyamapori, akawekwa getini mwa hifadhi kukata tiketi. Kwa geti sikuwa na neno. Getini kuna kivuli, kuna kiti, na kiti chenyewe nilikitengeneza mimi. Lakini yeye akataka doria, ndani kabisa, kwa nyati. Na wa doria lazima afaulu shabaha kwa bunduki kubwa: risasi tatu, zote zipige bamba la chuma. Nafasi ni tatu. Akishindwa zote, ni getini mpaka astaafu.

"Baba, ile bunduki ina teke," akaniambia. "Kabla sijavuta, macho yanajifumba yenyewe. Nishonee kitu cha kuweka begani, ndani ya koti."

Ningefanyaje? Nikamshonea. Nikachagua sponji laini kuliko yote, jeupe, nene kama mkate, nikalivika kitambaa cha kung'aa. Alipolivaa alitabasamu. Mimi nikageuka, nikajifanya natafuta mkasi.

Jaribio la kwanza akakosa risasi zote. Nikaongeza unene. La pili akakosa tena, akarudi bega limevilia damu, jeusi tii. Nikamkanda kwa maji ya moto, na kila nilipomgusa alishtuka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo hiyo niliishona mimi. Niliona aibu, jamani. Lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonitisha. Imebaki nafasi moja, nikawaza, kisha mwanangu atakaa kivulini maisha yake yote.

Mchana wa Jumatano, siku mbili kabla ya jaribio la mwisho, joto lilikuwa limelala juu ya bati. Nyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga wa dirisha, hazipandi wala hazishuki. Nikajinyoosha kwenye kochi la mteja. Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi, maana karakana haikubadilika: mwanga ule ule, pamba ile ile. Ila mlangoni alisimama nyati. Akafuta kwato kwenye zulia, akaingia kwa adabu zake zote, akakaa kwenye kochi la mbele yangu. Akazama. Akaendelea kuzama, polepole, mpaka nikasikia mbao ikimgonga. Hakukasirika. Alinitazama tu, pamba zikimtulia kwenye pembe.

"Fundi," akasema, "mimi mwanao sijamgusa hata siku moja. Lile bega kalipiga nani?"

Niliamka mdomo mchungu, jasho linanitiririka. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka kazini, amelala juu ya rundo la magodoro na koti lake. Bega likaruka usingizini, likatulia, likaruka tena. Kila liliporuka, macho yake yaliyokwisha kufumba yalijifumba zaidi.

Nikachukua kisu. Nikakata sponji gumu, unene wa vidole viwili, nikalivika turubai na kulishona kwa uzi wa makochi. Alipoamka nikampa. Akalibonyeza kwa dole gumba. Halikubonyea sana. Akanitazama usoni, akalibonyeza tena.

"Simama!" nikamwambia kwa ukali, maana bila ukali ningelia. Nikampa mguu wa meza auweke begani kama bunduki. "Ona, unaacha nafasi! Unaliogopa teke, unaishika mbali, basi linapata pa kukimbilia. Ivute, ibane kwenye shimo la bega. Mguu wa kushoto mbele. Kifua kiegemee mbele, si nyuma kama anayekimbia deni."

"Umejuaje, baba? Bunduki hujawahi kushika."

"Nimebeba mbao tangu ujana. Uliyoibana inakusukuma. Uliyoilegeza inakupiga."

Nikausukuma ule mguu wa meza kwa kiganja. Akafumba macho. Tena. Akafumba. Tukarudia, tukarudia, mpaka mwanga wa dirisha ukahamia ukutani. Mwisho nikausukuma kwa nguvu zangu zote, na macho yake yakabaki wazi.

Ijumaa nilisimama nyuma ya kamba uwanjani, nimejaza pamba masikioni mpaka dunia nzima ilikuwa kimya. Mkufunzi akashusha mkono. Nililiona bega likirudi nyuma na kurejea mahali pake, kwa utulivu, kama mtu aliyeguswa na rafiki. Mbali kule bamba likayumba. Likayumba mara ya pili. Likayumba mara ya tatu. Watu wakapiga makofi, nami sikuyasikia.

Tulipokaa kwenye benchi nilitoa pamba. Njia ya mwongo fupi, yangu ilikuwa imefika mwisho.

"Mama," nikaanza, "lile sponji la kwanza..."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Baba, mimi nimeota meno nikitafuna makochi yako. Sponji la uongo nisilijue?"

"Sasa ukalivaa kwa nini, we mtoto una wazimu? Bega lote lile!"

"Mkufunzi alinipa la kwake, nikakataa." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Bega litapona. Lakini kuingia porini bila radhi yako, hapana. Nilikuwa nangoja."

Nililia pale pale, mbele ya askari wazima na bunduki zao.

Jumatatu asubuhi gari la doria lilisimama mbele ya karakana, injini inanguruma. Alikuwa amevaa koti, bega moja limenyanyuka kidogo. Begi lilishapakiwa, lakini yeye hakupanda. Alisimama ananitazama, anangoja neno.

Nikasogea, nikamkumbatia, nikambana nisiache nafasi.

"Nenda, mama," nikasema, na teke lake nikalipokea macho wazi.